Chumba cha Chini, Sheffield

Walikuwa saba, leo sita.
Kiti cha saba nilikitoa mwenyewe asubuhi,
nikakificha nyuma ya pazia, kando ya ndoo na mafagio,
kisha nikakirudisha. Kisha nikakitoa tena.
Watoto wanajua kuhesabu.

Kanisa si letu. Tunalikodi kwa saa,
kuanzia saa nane mchana, wenyewe wakishamaliza chai yao
na kutuachia harufu ya biskuti na tangazo ukutani:
Tafadhali zimeni taa. Umeme umepanda.
Nje tramu inapanda kilima ikikoroma.
Mvua ya huku hainyeshi, inanung'unika tu.

Somo nililiandaa usiku, kazini,
kati ya kumgeuza mzee mmoja ubavu na kumgeuza mwingine,
nikaliona tamu:
"Mnakumbuka sindano za chanjo?
Mama ndiye aliyekushika mkono, nawe ukapiga kelele.
Je, mama alikuchukia?"
"Hapanaaa," wakaitikia kama kwaya.
"Basi, na Mungu ndivyo alivyo.
Uchungu wa leo, uzima wa kesho."
Nikafurahi. Nikageuka kuandika ubaoni.

Ambilikile, miaka minane,
soksi moja ya bluu, moja ya kijani,
hakuinua mkono.
"Atu alichomwa sindano nyingi, Mwalimu.
Mama alimshika.
Hakupona."

Chaki ikakatika.
Sijawahi kulisikia boila likinguruma vile.

Atu ni Atuganile. Kwa Kinyakyusa: ametupenda.
Baba yao alilitamka jina hilo herufi kwa herufi
kwa nesi baada ya nesi, mpaka ndimi zao zikalizoea,
mpaka likachapwa kwenye bangili ya plastiki
iliyozunguka kile kimkono mara mbili.
Ametupenda. Miaka mitano. Kitanda cha dirishani.

Nilikuwa na majibu. Mtu wa kanisa hakosi majibu,
yamo mfukoni kama peremende za kunyamazishia:
Mungu amechuma ua lake. Kazi yake haina makosa.
Nimeyasema misibani, nikashukuriwa, nikapakuliwa pilau.
Lakini mtoto hapokei peremende
iliyokwisha kunyonywa na mwingine.

Nikakaa kwenye kiti chao, magoti yakanifika kidevuni.
"Mfano wangu umevunjika," nikasema. "Sijui, Ambi.
Sijui kwa nini.
Ninachokijua ni kidogo, kinaenea kiganjani:
yule tunayemwomba
aliwahi kusimama kaburini kwa rafiki yake, akalia,
wala hakuwaambia dada wa marehemu wanyamaze.
Ukimkasirikia, mwambie yeye.
Usiishie kwangu,
mimi ni mhudumu tu wa zamu ya usiku."

Priska akauliza kama kumkasirikia Mungu ni dhambi.
Nikasema: mtu humkasirikia anayemtarajia.
Hakuelewa. Hata mimi nilielewa nusu,
nusu ya pili ninaielewa sasa, ninapoandika.

Wakati wa kufunga huwa nauliza nani ataomba,
na huwa ni Priska, huwa ni ndefu,
inapitia wajane na wagonjwa na malkia wa mchwa.
Leo alisimama Ambilikile. Hakufumba macho.

"Mungu, shikamoo.
Bado nimekununia.
Atu anaogopa giza.
Nyumbani tulikuwa tunamwachia taa ya ngazi.
Na wewe umwachie.
Amina."

Alisema kama mtu anayemkabidhi jirani ufunguo:
safari haitaki, haitaki kabisa,
ila jirani anamjua.

Wakapanda kugombania makoti.
Nikazima taa ya jiko, ya ukumbi, ya choo.
Kwenye swichi ya ngazi mkono ukasita.
Nikalisoma lile tangazo mara mbili.
Umeme umepanda, ni kweli.

Nikaiacha ikiwaka.